Cheni na spoketi zikiisha, nani anunue: tajiri au dereva?

Mleta mada, Kivule

Wakuu, nina pikipiki moja tu, Boxer 150, ipo barabarani mwaka wa pili. Dereva wangu analeta hesabu ya 8,000 kwa siku, yaani hela anayonikabidhi kila jioni, Jumapili ni yake. Siyo mkataba, chombo ni changu na kitabaki changu. Juzi kaniambia cheni na spoketi (yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni) zimekwisha, niende Kariakoo nikachukue seti. Nikamuuliza, si tulikubaliana matengenezo madogo ni yako, makubwa ni yangu? Akanijibu: "Bosi, spoketi si oili."

Sikuwa na la kusema, maana siku ya kukabidhiana hatukuandika hata mstari. Tulipeana mikono pale kijiweni na shahidi wetu alikuwa mziba pancha, ambaye sasa hivi anasema hakumbuki kitu.

Oili ananunua yeye. Pancha, balbu, kuosha, yeye. Tairi, injini, bima, leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), mimi. Hayo hatujawahi kugombania. Hii ya cheni ndiyo imekaa katikati. Seti nzuri niliyoulizia ni 48,000, ya bei ya chini 24,000, fundi 5,000. Msimamo wangu nauweka wazi kabisa: kinacholika kwa mwendo, anunue anayekwenda. Nipingeni.

Dereva, Chanika

Nakupinga asubuhi na mapema. Kwa hoja hiyo hata tairi ninunue mimi, nayo inalika kwa mwendo. Pistoni nayo inalika kwa mwendo. Chombo chenyewe ukikiuza leo hupati ulichonunulia, sababu ni mwendo wangu, je, nikulipe tofauti? Siku 26 kwa 8,000 ni 208,000 kila mwezi inayoingia mfukoni mwako bila wewe kulowa mvua. Hiyo hesabu ni bei ya kulika kwa chombo. Umeshalipwa spoketi, umekula, sasa unataka ulipwe tena.

Na jambo jingine hamlisemi. Trafiki akinisimamisha akaona cheni inaning'inia, faini naandikiwa mimi. Ndiyo, mwaka 2021 faini za bodaboda zilishushwa kutoka 30,000 hadi 10,000, tunashukuru, lakini hiyo 10,000 ni zaidi ya hesabu ya siku na wewe bosi jioni hutaki kusikia habari za trafiki.

Tajiri wa pikipiki tatu, Mbagala

Mleta mada usitishike. Mimi nilianza na roho nzuri kama yako: kila kitu nanunua. Nikaweka seti mpya kabisa, baada ya wiki sita dereva anarudi, imekwisha. Nikafanya upelelezi wangu. Kumbe mchana anabeba abiria, usiku anabeba mkaa, magunia mawili na mtu juu yake. Jumamosi mishkaki, abiria watatu nyuma. Cheni hajawahi kuipaka hata tone, anasema oili ni ya injini.

Toka siku hiyo nikaweka sheria, cheni na spoketi ni za dereva, asiyetaka arudishe ufunguo. Ajabu ni kwamba seti zikaanza kudumu mwaka mzima! Mtu akitoa 48,000 ya kwake, ghafla anajifunza kupunguza mwendo kwenye tuta.

Dereva, Chanika

Zimedumu au zimeachwa? Hayo ni mambo mawili tofauti bosi. Dereva akiambiwa anunue yeye, na wiki hiyo ana ada ya mtoto, atakata kipande cha cheni arudishe ikaze. Ikilegea tena atakata kingine. Spoketi ataigeuza ilike upande wa pili. Wewe unakaa Mbagala unahesabu mwaka, unasema dereva amekuwa mtunzaji. Nenda kawakague leo, usiwapigie simu kabla.

Fundi, Buguruni

Nimesoma nikacheka, maana wote wawili mnaishia benchi kwangu, na wote mnanunua nusu.

Tajiri akija anasema, "Weka cheni tu, spoketi bado zinang'ata." Dereva akija anasema, "Weka spoketi ndogo tu, kubwa tugeuze." Nyote mnatupa hela. Cheni haivutiki kama mpira. Ndani ya kila kiungo kuna pini inazunguka kwenye bushi yake, hapo ndipo panapolika, kidogo kidogo, kila kiungo unywele mmoja, na viungo vinapita mia. Ukijumlisha unaona cheni "imerefuka". Ikirefuka haikai tena chini kati ya meno, inapanda juu, na meno yanachongoka yakawa kama ndoana. Sasa ukiweka cheni mpya juu ya meno ya ndoana, ile mpya inazeeka kabla haijajuana na barabara. Ndiyo maana vinauzwa vitatu kwa pamoja: cheni, spoketi kubwa, spoketi ndogo.

Na ile ndogo ndiyo inateseka. Ina meno 14 au 15, wakati kubwa ina zaidi ya 40. Ina maana jino moja la mbele linang'ata cheni karibu mara tatu kila jino la nyuma linapong'ata mara moja. Lakini kwa kuwa imefichwa chini ya kava, hakuna anayeitazama. Mtu anakagua ya nyuma, anasema bado nzima, anaondoka.

Oili chafu ndiyo ugonjwa wa mji huu. Mnamwaga oili ya injini iliyotolewa, ina chembe za chuma ndani, mnaingia nayo kwenye vumbi la Kivule na Msumi. Mchanga ukishika pale ni msasa. Safisha kwa mafuta ya taa na brashi, kausha, paka oili ya gia kwenye mstari wa ndani wa cheni ukizungusha tairi taratibu, subiri, futa inayozidi. Dakika ishirini kwa wiki. Halafu msikaze cheni kama waya wa gitaa. Iache icheze sentimita mbili mpaka tatu katikati, vinginevyo inakula beringi pia.

Kujua imekwisha hakuhitaji ubishi. Cheni za saizi 428, ambazo ndizo zimejaa kwenye bodaboda, zina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. Viungo 20 vikiwa vipya ni milimita 254. Ivute ikaze, weka rula, hesabu 20. Ukisoma 259, asilimia 2 imekwenda, badilisha seti yote.

Abiria wa kila siku, Pugu

Mimi sina pikipiki wala sina dereva, nina mgongo. Mwezi uliopita cheni ilikatika tukiwa tunashuka mteremko, ikajisokota kwenye tairi ya nyuma, tairi ikasimama papo hapo. Nina makovu mawili kwenye goti. Dereva kitu cha kwanza alichosema akiwa bado amelala chini: "Nilimwambia bosi." Kwa hiyo mnapogawana ile 48,000 kumbukeni kuna mtu wa tatu amelipa nauli 1,500 akaondoka na bandeji.

Kutoka Nakuru

Pole dada. Huku kwetu Kenya kwa watu wa nduthi, yaani bodaboda, stori ni tofauti kidogo, wengi wamechukua piki kwa mkopo, kwa hivyo cheni, sprokiti, tairi, zote ni zako, hakuna wa kulaumu. Na bado watu wanakata viungo! Mkopo wa siku hauangalii kama ulikuwa kwa makanika. Kwa hivyo sioni kama shida ni nani mwenye chombo. Shida ni kwamba pesa ya kesho imeshakuliwa leo.

Tajiri wa pikipiki tatu, Mbagala

Dada pole sana. Ila hapo ndipo ninaposema, aliyekuwa na mikono kwenye usukani ni dereva. Kama aliona cheni mbaya, kwa nini alikubeba?

Dereva, Chanika

Kwa sababu asipobeba, jioni 8,000 haipo na kesho ufunguo unapewa mwingine. Unajua jibu, bosi, unauliza tu.

Mama wa pikipiki mbili, Gongo la Mboto

Nyinyi wanaume mnapenda kushinda kuliko kumaliza. Nifanye hesabu kwa faida ya wote.

Seti nzuri na fundi ni 53,000. Kwangu inatembea miezi sita, na vijana wangu wanapiga kama kilomita 100 kwa siku. Siku 156. Ni 340 kwa siku. Seti ya 24,000 na fundi ni 29,000, kwangu haikuvuka miezi miwili, siku 52, yaani 558 kwa siku. Ndani ya miezi sita nimenunua ya bei rahisi mara tatu, 87,000, na kila mara kijana amepoteza nusu siku. Rahisi ndiyo ghali, na mnaowaachia madereva wanunue, jueni watanunua hiyohiyo, maana ndiyo mfuko wao unayoiweza. Siwalaumu.

Mimi nafanya hivi: kila siku 500 inakwenda kwenye kibubu, 250 natoa kwenye hesabu yangu, 250 anatoa kijana. Mwezi ni 13,000. Miezi sita ni 78,000, seti imepatikana na 25,000 imebaki. Ikibaki tunagawana. Kijana aliyebeba mkaa cheni ikafa mwezi wa tatu, kibubu hakijajaa, upungufu ni wake. Cheni ikifa kwa sababu nilinunua seti mbovu, upungufu ni wangu.

Dereva, Chanika

Mama naunga mkono, lakini kibubu kinakaa kwa nani?

Mama wa pikipiki mbili, Gongo la Mboto

Kwangu.

Dereva, Chanika

Ehee.

Mleta mada, Kivule

Wakuu nimerudi. Jana jioni nilichukua rula ya mtoto wa darasa la nne nikaenda kijiweni. Viungo 20 nimesoma milimita 262. Ekseli ya nyuma imevutwa mpaka mwisho wa alama, na tulipofungua kava la mbele, spoketi ndogo ina meno ya papa. Dereva akakiri alishakata kiungo mwezi wa pili, hela ya kubadilisha hakuwa nayo, na kuniambia aliogopa kwa sababu ile mara ya betri nilimfokea mbele ya wenzake. Hapo mimi sikuwa na la kujibu, nilimfokea kweli.

Nabadilisha msimamo, ila si wote. Seti nanunua mimi, kwa sababu moja tu ambayo hamkuisema wazi: anayechagua ubora ndiye alipe. Nikimwachia anunue atachagua anachoweza, na chombo ni changu. Fundi atalipa yeye, mafuta ya taa na oili ya gia ni vyake. Kila Jumamosi akileta hesabu tunapima na rula. Ikifika 259 kabla ya miezi mitano, tunatafuta sababu kabla ya kutafuta mlipaji. Safari hii tumeandika kwenye daftari na wote tumetia sahihi. Mziba pancha naye tumemtilisha sahihi, asije kusahau tena.

Kibubu cha mama ni kizuri lakini kwa pikipiki moja naona kitaleta maneno.

Tajiri wa pikipiki tatu, Mbagala

Umelegea. Tutaonana Desemba utakaponunua ya pili.

Fundi, Buguruni

Kabla hujaenda Kariakoo: usinunue boksi, maboksi yanachapishwa na kila mtu. Itoe cheni, soma kwenye sahani zake, itafute iliyogongwa 428H. Hiyo H ni sahani nene. Ishike mkononi, nyepesi utaijua. Kiungo cha loki kikifungwa, kile kichwa kilichoziba cha kilipu kielekee upande cheni inakokimbilia, siyo nyuma, nimeokota vilipu vingi sana barabarani.

Na mwambie fundi wako akitoa tairi ya nyuma aangalie raba za kwenye habu (kitovu cha gurudumu), zile zinazopokea mshtuko wa spoketi kubwa. Zikiwa zimekwisha, spoketi inacheza na cheni mpya itapigwapigwa mpaka ife kabla ya wakati. Seti ya raba haizidi 6,000.

Dereva, Chanika

Na raba ni za nani?

Mleta mada, Kivule

Daftari halijasema.