Tuliokulia ugenini kwa wazazi wamisionari, tupeane uzoefu

Mtoto wa Misheni: Wakuu, binti yangu kaniuliza, "Baba, kwenu hasa ni wapi?" Nikakosa jibu. Kama wazazi wako walihubiri nchi ya watu, njoo usimulie.

Kifungua Mimba: Mimi likizo ya wazazi kurudi kwao ndiyo ilinichosha. Kila Jumapili kanisa jipya, tunapangwa mbele mkubwa hadi mdogo, tunaimba kwa lugha ya kule ili wafadhili wafurahi. Wanatuambia "karibuni nyumbani", na mimi nawalilia rafiki zangu niliowaacha.

Wa Bweni: Mmenigusa. Nilipelekwa bweni meno ya utoto hayajaisha kung'oka. Kulikuwa na siku ya barua, na mlezi alizisoma kabla hatujazifunga. Nikaandika: mama, njoo unichukue. Akanirudishia, eti nawavunja moyo wazazi walio kwenye kazi ya Mungu. Nikaandika upya kwamba nacheza mpira na chakula ni kizuri. Mama alizitunza barua zile akiamini nilikuwa na raha. Nilipomweleza ukweli, mtu mzima sasa, alilia sana. Upweke ulipita; kilichobaki ni kumkasirikia Mungu, maana niliambiwa yeye anamhitaji mama kuliko mimi.

Kifungua Mimba: Pole sana ndugu yangu.

Mzee wa Kanisa: Poleni, ila tusiwavunjie wazazi heshima. Eric Liddell, mwanariadha wa Uskoti na mtoto wa wamisionari, alizaliwa Tianjin, China, 1902, akaachwa bweni Uingereza angali mdogo. Alishinda dhahabu ya mita 400 Olimpiki ya Paris 1924, na mwaka uliofuata akarudi China kuhubiri. Mbona hakulalamika?

Njiapanda: Mzee, nani alimsikia usiku? Na alipofia Weihsien, China, 1945, kwenye kambi ya wafungwa ya Wajapani, mkewe na mabinti walikuwa Kanada. Yule wa mwisho hakuwahi kumwona baba yake. Kamuulize huyo.

Mzee wa Kanisa: Hapo umenena. Lakini wito ni wito.

Msomaji: Ruth Hill Useem, mwanasosholojia wa Marekani, aliwachunguza Wamarekani waliokuwa India miaka ya 1950, akaja kuwaita watoto wa namna yetu watoto wa utamaduni wa tatu, yaani si wa wazazi wala wa wenyeji, bali ule wa katikati. Mtoa mada, mweleze binti yako hilo.

Njiapanda: Au mpeleke akapaone ulikokulia.

Kifungua Mimba: Usiende! Mimi nilienda, niliocheza nao wote wamehama. Bora utafute mtu wa kuongea naye ile lugha, hata kwa simu.

Msomaji: Wa Bweni, mama bado yupo? Zile barua mmezifanyaje?

Wa Bweni: Yupo. Ameniomba nimwandikie zile alizozuiwa kuzisoma. Nimeanza.