Kama virusi havionekani kwenye damu, kwa nini mjomba aendelee kumeza ARV?

Mama_Tunu:
Wakuu habari za jioni. Mjomba wangu anatumia dawa za kufubaza VVU, kile kidonge kimoja kwa siku. Majibu ya wingi wa virusi yametoka: havikugundulika. Tangu hapo amekuwa mbishi, anasema amepona. Mimi namjibu "kliniki wamesema", halafu naishiwa maneno. Ni fundi magari, usipomweleza kitu kinavyofanya kazi hakusikilizi. Virusi vinakaa wapi kama kwenye damu havipo?

Fundi_Maabara:
Dada, mjomba kauliza swali la maana. Kipimo kile kinahesabu virusi vinavyoelea kwenye damu. Vilivyo ndani ya seli hakivigusi, na huko ndiko shughuli iliko.

Kirusi peke yake hakizaliani. VVU ina nyuzi mbili za RNA (maagizo yake ya kurithi) na vimeng'enya vichache (protini zinazofanya kazi za kikemia), basi. Mtambo wa kutengeneza protini haina. Inatafuta seli nyeupe ya damu yenye CD4, kipokezi kilicho juu ya seli, inanasa hapo, inashika kipokezi cha pili (mara nyingi CCR5), utando wake unaungana na wa seli, mzigo unaingia. Kimeng'enya cha kwanza kinanakili RNA kuwa DNA, kinyume kabisa na mwendo wa kawaida wa DNA kwenda RNA. Wanasayansi wa Marekani Temin na Baltimore walipoonyesha kimeng'enya cha aina hiyo mwaka 1970, kwenye virusi vingine, wanabiolojia walilazimika kufikiri upya. Cha pili, integrasi, kinaichomelea DNA hiyo katikati ya DNA ya mtu. Mtamkie hivyo hivyo, "kuchomelea", fundi ataelewa. Kuanzia hapo seli ikiamka inasoma maagizo ya kirusi kama yake, inatengeneza sehemu zake, virusi vipya vinachomoza nje vikiwa vimejivika utando wake.

Sasa kidonge, kina dawa tatu ndani: tenofoviri na lamivudini zinakwamisha ule unakili, dolutegraviri inazuia kuchomelea. Hakuna hata moja inayong'oa kilichokwisha kuchomelewa.

Mama_Tunu:
Lakini si hizo seli zitakufa zenyewe?

Fundi_Maabara:
Zinazozalisha virusi hufa upesi. Zinazosumbua ni seli za kumbukumbu, yaani seli za kinga zinazokumbuka vijidudu vya zamani, zimelala kwenye matezi na utumbo. Kwa kuwa hazitengenezi virusi, kinga ya mwili haizitambui. Zikigawanyika, DNA ya kirusi inanakiliwa humo humo. Hata kwa anayemeza dawa vizuri, seli hizo huchukua karibu miezi 44 kupungua kwa nusu. Akiacha, chache zikiamka zinatosha, kwa kawaida virusi vinarudi ndani ya wiki kadhaa.

Mzee_wa_Uyole:
Mbona yule Mmarekani wa Berlin aliyekuwa na VVU alipona? Tiba ipo, wanatubania tu.

Fundi_Maabara:
Mzee wangu, shikamoo. Huyo ni Timothy Ray Brown, naye alikuwa pia na saratani ya damu. Mwaka 2007 alipandikizwa seli za uboho za mtu ambaye CCR5 yake, kile kipokezi cha pili, ina hitilafu ya kuzaliwa, hivyo VVU inakosa pa kushika. Upandikizaji ule unaweza kuua, hakuna daktari atakayempa mtu mwenye afya. Mfano unaomfaa mjomba ni mtoto wa Mississippi, Marekani, aliyezaliwa na VVU: alianzishiwa dawa saa 30 tu baada ya kuzaliwa, zikakatishwa akiwa na miezi kama 18, akakaa zaidi ya miaka miwili virusi havionekani. Mwaka 2014 vikarudi.

Mama_Tunu:
Nimemsomea yote. Sasa anataka kujua kwa nini wasitengeneze dawa ya kuziamsha hizo zilizolala halafu waziue.

Fundi_Maabara:
Mwambie wanajaribu hivyo hivyo. Kuziamsha wameweza kiasi, kuziua zote bado.