Mrejesho: hema la neti la uani na ufuoni

Jamani, asanteni sana. Niliuliza ninunue hema gani la neti, la kukalia uani hapa Kisauni na la kwenda nalo kupiga kambi ufuoni Kikambala. Nilifuata ushauri wa futi 12 kwa 12, miguu ya kukunjua.

Uani, raha tupu! Mama alikaa na wajukuu hadi saa nne usiku, mahamri na mbaazi mezani, hakuna mbu hata mmoja.

Ufuoni lilinishinda. Upepo wa kusi uling'oa vigingi vyote mchangani. Aliyesema nifunge viroba vya mchanga alisema kweli: viwili kila mguu, likatulia. Usubi bado wanapenya; neti yenyewe ina matundu makubwa kwao. Zipu nazisuuza kwa maji matamu, chumvi inazila.