Wakala wa tiketi aliyeniambia Dodoma hadi London ni "saa nane tu, ukizidisha tisa"

Wanajukwaa, salaam.

Ninaandika nikiwa na hasira, ila nitajitahidi kupanga maneno. Mwezi Januari nilimkatia tiketi mama yangu, mwenye umri wa miaka 68 na mgonjwa wa kisukari, aende London kumwona mdogo wangu. Wakala mmoja hapa Dodoma mjini, ambaye sitamtaja, aliingia kwenye tovuti, akaandika majina ya miji hiyo miwili, akanigeuzia kompyuta na kusema: "Kaka, ni saa nane tu, ukizidisha tisa." Mama akabeba mkononi dawa na chakula cha saa tisa, vingine vikaingia kwenye begi la kupakiwa. Safari ilichukua saa 26 na nusu.

Kinachoniudhi ni kwamba namba ile haikuwa ya uongo. Tovuti ilipima njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, takribani kilomita 7,270, ikaigawanya kwa mwendo wa ndege kubwa, kama kilomita 900 kwa saa. Lakini njia hiyo hakuna ndege ya abiria inayoipita. Dodoma haina safari ya moja kwa moja kwenda London, na hata kutoka Dar es Salaam, British Airways iliacha kuruka mwaka 2013. Mama alipanda ndege saa nane mchana, akafika Dar es Salaam saa tisa, akakaa uwanjani hadi saa tano usiku, akaruka kwa muda wa saa tano na nusu hadi Dubai, akasubiri tena kwa saa nne na nusu, kisha akaruka kwa saa saba na nusu nyingine hadi London. Kwa mzunguko huo, kilomita zinakaribia 9,900, na karibu nusu ya muda wote aliumaliza akiwa ameketi kwenye viti vya viwanja vya ndege.

Nilipompigia, wakala alinisomea tiketi: kuondoka saa nane mchana, kufika kesho yake saa saba na nusu mchana, "hata siku nzima haijatimia." Anauza tiketi za kimataifa lakini hajui kwamba kila saa iliyoandikwa hapo ni ya mji husika, na kwamba majira ya baridi London iko nyuma yetu kwa saa tatu!

Mama anarudi mwezi Aprili, wakati Waingereza watakuwa wamesogeza saa zao mbele na tofauti imebaki saa mbili. Nimemwomba wakala aniandikie kila kipande cha safari pamoja na muda wa kusubiri, ili mdogo wangu apange dawa ipasavyo. Jana amenijibu kwa ujumbe mfupi kwamba nisiwe na wasiwasi, tovuti bado inaonyesha saa nane.