Mdogo wangu damu haikai, daktari ametaja petroli. Naombeni ushauri

Dada wa Watatu: Habari zenu wakuu. Mdogo wangu ana miaka 26, fundi gereji, huu mwaka wa saba. Kutwa anaosha vifaa kwa petroli, mikono mitupu, ndani ya banda lisilo na dirisha. Jioni ananawia grisi petroli hiyohiyo.

Mwezi wa tatu alianza kuchoka, fizi zinatoka damu akipiga mswaki, mapaja yanavilia bila kugongwa. Zahanati wakasema malaria, wakampa na vidonge vya kuongeza damu. Nyumbani tukamnywesha rozela jagi kwa jagi. Akiongezewa chupa mbili, siku kumi haziishi viganja vimekuwa vyeupe tena.

Juzi wamemtoboa mfupa wa nyonga. Uloto umekauka, hautengenezi damu, na daktari anashuku benzini iliyomo kwenye petroli. Pleteleti, zile chembe za kugandisha damu, 9,000; chembe nyeupe za kupambana na maradhi nazo chini kabisa. Ametaja kupandikizwa uloto. Tunataka tumchangie damu sisi ndugu. Kuna aliyepitia haya?

Mtu wa Maabara: Pole sana dada. Ndugu msimchangie ninyi! Changieni benki ya damu, yeye apewe ya mtu baki. Mwili wake ukijenga kinga dhidi ya damu yenu, siku ya kupandikiza unaweza kuukataa uloto wenu. Wa baba na mama mmoja pimeni wote HLA, kipimo cha damu cha kuona kama uloto wenu unaendana na wake, kila mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kuendana naye.

Pleteleti za kawaida huanzia 150,000. Kwa 9,000 asichomwe sindano ya msuli, asimeze diklofenaki wala aspirini.

Mama Nasra: Mume wangu alikuwa fundi rangi, akapata hayohayo. Hakuna ndugu aliyeendana naye. Tulimpeleka India, akawekewa dripu ya ATG siku nne, kisha vidonge vya siklosporini kila siku, zote dawa za kutuliza kinga ya mwili isiushambulie uloto. Miezi mitatu hatukuona kitu. Wa tano ndipo akaacha kuongezewa damu. Dada, nunua kipimajoto. Mimi nililala nacho chini ya mto. Joto likifika 38, hata saa nane za usiku, mpeleke hospitali usisubiri kuche.

Fundi Saidi: Asirudi kwenye petroli hata akipona. Na kama ameajiriwa, tajiri wake anapaswa kuwa amejisajili WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ugonjwa uliotokana na kazi nao hulipiwa fidia. Mwombeni daktari aandike kwenye faili anafanya kazi gani na kwa miaka mingapi.

Dada wa Watatu: Asanteni mno. Damu tumeghairi, kesho tunakwenda kupima wawili, wa tatu ni wa mama mwingine. Mgonjwa mwenyewe anauliza kama anaweza kumbeba mwanawe. Mtoto ana miaka miwili, ana mafua.

Mama Nasra: Mafua yaishe kwanza. Mlete hadi dirishani, amwone tu.