Mkono kufa ganzi usiku: tatizo ni damu au ni neva?

Mume_wa_fundi: Wakuu, mke wangu ni fundi cherehani. Usiku wa manane mkono wa kulia unamfa ganzi, anaamka anaukung'uta ndipo anapata nafuu. Mtaani wanasema damu haizunguki. Aanzie wapi?

Neva_tu: Muulize kwanza ni vidole vipi. Gumba, shahada, cha kati na nusu ya cha pete: hiyo ni neva inayopita kwenye kifundo cha mkono, ndani ya njia nyembamba yenye kano 9. Kazi ya kushika mkasi na kusukuma kitambaa huzivimbisha, na usiku akilala amekunja kifundo, nafasi inazidi kubana. Hiyo nafuu ya kukung'uta ni dalili yake hasa. Ikiwa ni kidole cha mwisho na nusu ya cha pete, tafuta kwenye kiwiko: analala amekikunja mno. Mpime hivi: agusanishe migongo ya viganja, vidole vikielekea chini, akae sekunde 60. Ganzi ikija, neva inabanwa kifundoni.

Mama Tabibu: Avae kishikizo cha mkono chenye ubao usiku, kifundo kikiwa kimenyooka, kwa wiki 6. Wengi hukosea hapa: hununua bandeji ya kuvutika na kuikaza, ikambana zaidi. Kama ni kiwiko, azungushie taulo lisimruhusu kukikunja. Diklofenaki hutuliza maumivu tu, neva inabaki imebanwa.

Kibao: Msisahau mwili mzima. Ujauzito na dundumio (tezi ya shingoni) lisilofanya kazi vizuri huleta hali hiyohiyo. Kisukari pia, ingawa ganzi yake kwa kawaida huanzia miguuni. Anayemeza metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka apimwe vitamini B12, na aliye kwenye dawa za TB aulizie B6, maana isoniazidi huiondoa mwilini. Ganzi ikiandamana na baka la ngozi lisilohisi mguso, apimwe ukoma. Matibabu yake ni bure.

Mume_wa_fundi: Ni gumba mpaka cha kati. Cha mwisho kizima.

Neva_tu: Basi ni kifundo. Linganisha mnofu chini ya gumba, kulia na kushoto. Wa kulia ukiwa umesinyaa, au sindano inamponyoka, msisubiri hizo wiki 6; aonwe na daktari wa mifupa, huenda akahitaji upasuaji mdogo. Na ganzi ya ghafla ya upande mmoja, mdomo ukipinda au maneno yakikwama, ni kiharusi: hospitali usiku huohuo.