Tupeane uzoefu: waliokwenda Salou, Hispania, na watoto

Mama Pacha (Leicester)

Assalaam aleikum na habari zenu ndugu zangu. Likizo ya shule inakaribia na wengi mmeniuliza pembeni kuhusu Salou, ule mji wa pwani ya Katalunya, kilomita kama kumi kutoka Tarragona. Naweka hapa ya kwangu, nanyi mliokwenda leteni yenu, mazuri na mabaya.

Tulikwenda mwaka jana mwishoni mwa Juni: mimi, mume wangu, pacha wetu wa miaka mitano, na mama yangu aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Asubuhi ya kwanza Bibi alitoka na kanga zake, akaketi kwenye benchi la Passeig Jaume I, barabara ya kando ya ufuo, chini ya mitende, kungoja maji yapwe. Bahari anaijua hivyo tangu utotoni: maji yakitoka, wanawake wanashuka na ndoo kutafuta chaza na kombe. Ikafika saa nne, ikafika adhuhuri, maji palepale. Kesho yake vilevile. Akaniuliza, "Mwanangu, bahari hii ina nini?"

Mume wangu akamweleza kwamba Mediterania inaungana na bahari kuu kwa mlango mwembamba tu pale Gibraltar, kilomita 14 hivi penye wembamba zaidi, kwa hiyo kujaa na kupwa ni kwa sentimita chache, jicho halioni. Kwetu maji ya bamvua yanapanda mita tatu na zaidi. Bibi alisikiliza, akasema, "Basi watu wa hapa wanavua bila kuhesabu mwezi." Jambo hilo lilimkaa moyoni safari nzima.

Kwa mwenye watoto wadogo, hiyo ni neema kubwa. Ukisimika mwavuli asubuhi, jioni utaukuta umbali uleule na maji. Platja de Llevant, ufuo mkubwa wa katikati ya mji, una mchanga laini na kina kinachoongezeka taratibu. Ila msidanganyike: upepo wa baharini ukishika, mawimbi yanapiga na mkondo unavuta. Angalieni bendera za waokoaji. Nyekundu ikipanda hakuna kuogelea, hata mtoto akilia vipi.

Usiku tulikuwa tunakwenda kutazama chemchemi ya maji na taa, kazi ya Carles Buïgas, yule aliyebuni ile ya Montjuïc kule Barcelona mwaka 1929. Ni bure kabisa. Pacha walilala mabegani kila siku wakitoka pale.

Baba Rukia (Manchester)

Asante dada. Mimi naongelea karatasi, kwa sababu ndizo zilizotuumiza. Kibali cha kuishi Uingereza hakikufungulii nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, Hispania ikiwemo. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda lazima aombe viza. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, yuro 45 kwa mtoto wa miaka 6 ambaye hajafikisha 12, na walio chini ya miaka 6 hawalipi. Bima ya safari iwe inafika yuro 30,000. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari.

Sisi mwaka wa kwanza tulianza mwezi wa tano kutafuta miadi, tukitaka kusafiri mwezi wa saba. Nafasi zilikuwa zimekwisha. Tiketi zikapotea, na Rukia alikuwa ameshapanga maboya yake ya mikononi kwenye begi. Mwaka uliofuata nilianza mwezi wa pili, kila kitu kikaenda sawa. Tafadhalini, anzeni mapema. Machozi ya mtoto aliyeahidiwa bahari ni mazito.

Kaka wa Likoni (Barcelona)

Naishi karibu, kwa hivyo huenda mara nyingi. Mkija kwa treni kutoka Barcelona, shukeni Salou-Port Aventura. Stesheni ya zamani iliyokuwa katikati ya mji ilifungwa Januari 2020 na mpaka leo nakutana na wageni wanaoitafuta. Kutoka hapo hadi ufuoni ni mbali kwa mtoto mdogo na mabegi, chukueni teksi.

Jambo la pili, maji. Sisi wa Pwani tumezoea bahari ya uvuguvugu. Huku mwezi wa tano ni baridi, mtoto atatetemeka. Agosti na Septemba ndio maji yamepata moto. Mimi nasema Septemba: watu wamepungua, bei zimeshuka, bahari bado ina joto la kiangazi. Na mkichoka na umati wa Llevant, fuateni njia ya miguu ya Camí de Ronda inayopita kandokando ya mawe mpaka vighuba vidogo, Platja dels Capellans na zaidi ya hapo. Misonobari inafika karibu na maji, kivuli hakinunuliwi.

Mama Zainabu (Birmingham)

Kuhusu chakula, wapenzi. Nyama ya nguruwe huku iko hata pale usipoitegemea. Ule mkate mtamu wa kuzungushwa, ensaïmada, unakandwa kwa mafuta ya nguruwe. Hata jina lake limetoka huko. Watoto wangu walikuwa wanautazama dirishani kila asubuhi nami nawavuta mkono. Tuliponea kwa samaki. Ulizeni fideuà, ni tambi fupi zinazopikwa kwenye sufuria pana na supu ya samaki, kamba na ngisi. Uliza kama supu ni ya samaki watupu. Wanangu waliita "tambi za bahari" na wamenilazimisha kuzipika nyumbani.

Mama Pacha, mwambie Bibi kwamba sukari wanaita azúcar na zeituni wanaita aceituna. Maneno hayo sisi na wao tumeyapata kwa Waarabu.

Mjomba wa Muscat

Wengine mnalifuata jua, sisi wa Oman tunakimbia joto. Julai ya Salou kwetu ni nafuu.

Nina la kutahadharisha. Siku ya tatu binti wa dada yangu, miaka sita, alikwenda kuchota maji kwa kindoo chake. Akigeuka, miavuli yote ni sawa, na ufuo ule unapita kilomita moja. Akatembea upande usio wetu. Dakika ishirini na tano. Dada yangu alikuwa anakimbia pembeni ya maji akiita jina, sauti imemkauka. Tulimkuta kwenye kibanda cha waokoaji, amefunikwa taulo, ameshika kidole cha kijana mmoja ambaye hawakuelewana hata neno. Nambari ya simu ya mama yake ilikuwa imeandikwa mkononi kwa kalamu, lakini maji ya chumvi yameifuta nusu. Tangu siku hiyo tunatumia kalamu isiyofutika, na tunafunga kitenge chekundu juu ya mwavuli wetu. Kila asubuhi kabla ya kuvua viatu, tunawaonyesha watoto kibanda cha waokoaji kiko wapi.

Neema (Utrecht)

PortAventura kwa kifupi: bustani ile ya michezo ilifunguliwa 1995, iko mlangoni mwa mji. Kuna treni za msisimko: Dragon Khan inapinduka mara nane, Shambhala inapanda mita 76. Hayo ni ya wakubwa, na wanapima urefu wa mtoto kabla ya kumruhusu. Wenye wadogo nendeni moja kwa moja SésamoAventura, sehemu ya watoto wadogo, asubuhi foleni zikiwa fupi, kisha mle chakula, mrudi mlale. Jua la saa nane mchana halina huruma na wenyeji wenyewe wanajifungia ndani.

Shemeji wa Kigamboni

Mama Pacha, mimi nakwenda Septemba na mama mkwe. Magoti yanamsumbua. Ataweza?

Mama Pacha

Ataweza, shemeji. Barabara ya kando ya ufuo ni tambarare, ina mabenchi mwanzo hadi mwisho. Kuna njia za mbao zinazoshuka mchangani. Mchukulie kiti chepesi cha kukunja, mweke maji yamfike vifundoni, na mpelekeni asubuhi kabla ya saa tano au baada ya saa kumi na moja jioni. Mama yangu ana miaka sabini na mbili, na jioni ya mwisho ndiye aliyekataa kutoka majini.

Mkifika, nitumie picha yake.